Moto wa Hiari

Chukua mkebe wa tuna ulioisha. Uoshe vizuri, maana harufu ya samaki haina adabu. Kama mkebe ni wa alumini, kitoboleo cha karatasi kile cha ofisini kinatosha. Kama ni wa chuma, tafuta msumari na nyundo. Toboa mashimo kuzunguka ukingo wa juu, safu mbili, mashimo ya chini yakikaa katikati ya mapengo ya juu. Mimina vijiko viwili vikubwa vya spiriti. Washa. Subiri kama nusu dakika hivi spiriti ishike joto ianze kutoa mvuke, halafu kalisha sufuria ndogo moja kwa moja juu ya mkebe. Mdomo ukizibwa, mvuke unatafuta njia kwenye mashimo, na moto unachomoka pembeni kama ua, vile tu unavyouona kwenye jiko la gesi. Kinga upepo kwa kipande cha foili. Maji ya vikombe viwili yatachemka kabla hujamaliza kulalamika kuhusu baridi.

Hilo ndilo jiko. Aliyelipa umaarufu ni Mmarekani anayeitwa Jim Wood, ambaye yeye alitumia mkebe wa chakula cha paka akaliita Super Cat. Watu wa milima wanalipenda kwa sababu ni jepesi mpaka unalisahau kwenye begi, halina kitu cha kuharibika, na halijagharimu chochote zaidi ya tuna ambayo ulishakula. Kwa sisi tunaoenda haiki kwa bajeti ya nauli na ndizi, hiyo sababu ya mwisho ndiyo kubwa. Jiko dogo la kambi la dukani ni pesa. Mkebe ni takataka. Na kuna raha fulani hapo ambayo sitaki kuikana: kuangalia maji yakitokota juu ya kitu ulichotengeneza mwenyewe kwa msumari na dakika kumi. Unajiona mtu mzima. Unajiona hata dunia ikizima, wewe chai utakunywa.

Sasa shuka mlimani, ingia mtaani. Kuna jiko lingine la mkebe huko, na ningependa ulijue linavyofanya kazi kabla hatujaenda mbali.

Unachukua mkebe mkubwa wa rangi, unatoboa shimo moja kando, karibu na kitako. Unasimamisha chupa katikati. Unapitisha fimbo kwenye lile shimo la chini mpaka iguse chupa. Halafu unaleta vumbi la mbao kutoka kwa seremala, unalimwaga kuzunguka chupa na kulishindilia kabisa, mpaka linakuwa kama udongo. Ukichomoa chupa na fimbo kwa uangalifu, umebaki na njia ya hewa iliyopinda kama herufi L. Moto unawashwa kutoka chini. Unakula vumbi polepole, kutoka ndani kwenda nje, kwa saa kadhaa bila mtu kuuchochea. Githeri inaiva mwenyewe akiwa ameenda kufua.

Ukiniuliza mimi, jiko hilo lina akili kuliko la tuna. Linatumia taka mbili badala ya moja. Halihitaji spiriti ya kununua. Lakini hakuna mtu huliwekea video yenye muziki wa kutuliza. Likipigwa picha, ni ya ripoti: mwanamke, moshi, mtoto mgongoni, na maneno chini yake kuhusu changamoto. Vivyo hivyo koroboi, ile taa ya mkebe na utambi ambayo wengi wetu tulifanyia homuwaki. Hakuna aliyeiita ubunifu. Tuliita shida ya stima.

Mkebe ni mkebe. Moto ni moto. Basi kwa nini mmoja unatupa fahari na mwingine unatupa huruma?

Jibu la haraka ni kwamba sisi ni wanafiki. Kitu kikifanywa na mwenye pesa ni mtindo wa maisha, kikifanywa na maskini ni umaskini. Kuna ukweli hapo, na ni ukweli ambao hupata laiki nyingi. Lakini ukiushikilia sana unakufikisha mahali pa ajabu. Maana dawa ya unafiki ingekuwa kusifia pande zote mbili sawa: twende kwa mathe mwenye jiko la vumbi, tumwambie jiko lake ni la kisasa, linatunza mazingira, watu huko ng'ambo wangelilipia. Jaribu. Atakuangalia kutoka juu mpaka chini, kisha akuulize kama umekuja na gesi.

Yeye anajua kitu ambacho hoja ya unafiki haijui. Kuna tofauti ya kweli kati ya mioto hii miwili, na haiko machoni pa anayetazama.

Mwanauchumi Amartya Sen ana mfano mmoja unaosaidia. Chukua watu wawili, asema, mmoja amefunga na mwingine ana njaa kwa kukosa chakula. Ukiangalia kilichoingia tumboni, wako sawa: hakuna. Lakini hali zao si moja hata kidogo, kwa sababu wa kwanza angeweza kula akaamua asile. Kipimo cha maisha ya mtu, kwa Sen, si kile alicho nacho tu wala anachofanya tu. Ni kile ambacho angeweza kufanya.

Kiswahili kilishatenganisha mambo haya zamani. Tunasema mtu *amefunga*, na tunasema mtu *ameshinda njaa*, na hakuna anayechanganya. Anayefunga Ramadhani anajua adhana ya Magharibi inakuja. Akiwa mgonjwa ana ruhusa ya kula, akiwa msafiri ana ruhusa. Funga imejengwa ikiwa na milango. Njaa haimpi mgonjwa ruhusa, na kwake yeye jua likizama limezama tu.

Hiyo ndiyo tofauti ya mikebe yetu. Mkebe wa tuna una mlango. Jumapili jioni unashuka, unarudi kwa keja, unawasha meko, na mkebe unakuwa stori. Mimi nimepikia pande zote mbili. Mwaka nilioacha chuo, gesi ikiisha katikati ya mwezi nilikuwa nawasha makaa kwenye korido kama wenzangu wa ploti, na mwaka huohuo nilibeba mkebe wangu kwenda kupiga kambi Longonot. Mikono ilikuwa hii hii. Ujuzi wa kulinda moto usizimwe na upepo, nilikuwa nimeutoa kwenye korido. Kilichobadilika ni kwamba Longonot nilijua nashuka lini. Korido haikuwa na Jumapili jioni.

Kuna mahali ambapo tofauti hii inaacha kuwa ya falsafa na inakuwa ya mapafu. Soma maelezo yoyote ya jiko la kambi, la dukani ama la kujitengenezea, na utakuta onyo lilelile: usiwashe ndani ya hema. Hema ni dogo, limefungwa, na moto usiopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayokulaza usiamke. Onyo ni sahihi, na kila mtu wa kambi hulifuata bila shida. Unatoka nje ya hema. Nje ni kubwa.

Lakini chumba cha futi kumi kwa kumi cha mabati ni nini kama si hema lisilokunjwa? Kitanda, jiko, watoto, nguo, vyote humo. Mvua ikinyesha, ama baridi ya Julai ikiingia, jiko la makaa linaingizwa ndani na mlango unafungwa. Si eti watu hawajui. Kila mwaka wa baridi tunasikia habari za familia iliyolala na jiko. Onyo la kambi linadhani una pa kutokea, na hapa pa kutokea hakuna. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani, unaotokana na kupikia kuni, makaa, mafuta taa na vitu kama hivyo, ulihusika na vifo vya watu milioni 3.2 mwaka 2020, na watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano walikuwa miongoni mwao. Hao hawakuwa wakipiga kambi.

Basi je, anayekwenda mlimani na mkebe anacheza na shida ya watu? Kuna rafiki yangu anaamini hivyo kabisa. Husema haiki ni utalii wa umaskini: unalala chini, unakula indomi, unachota maji, halafu unalipa ili upate kufanya hayo, wakati nyanya yako alitoroka hayo hayo.

Simkubalii. Mlango si dhambi. Henry David Thoreau, yule Mmarekani aliyeishi kwenye kibanda kando ya bwawa la Walden kati ya 1845 na 1847, amechekwa sana kwa sababu kibanda chake kilikuwa kwenye shamba la rafiki yake Emerson, na mji wa Concord ulikuwa umbali wa kutembea tu. Mimi hilo halinisumbui. Mtu anayejipunguzia vitu kwa hiari anaweza kujifunza jambo la kweli: nini anahitaji na nini amezoea tu. Hata mkebe wa tuna unafundisha. Unajua kwa mara ya kwanza chai ya kikombe kimoja inakula mafuta kiasi gani, kwa sababu umeyapima kwa kijiko na kuyabeba mgongoni.

Kinachonivuta kwa Thoreau ni kisa kingine, cha mwaka mmoja kabla ya Walden. Aprili 1844 yeye na rafiki yake walivua samaki, wakawasha moto kwenye kisiki wapike, na moto ukawatoroka. Ekari kama 300 za msitu ziliungua. Hakushtakiwa. Rafiki yake alitoka familia kubwa mjini, na mambo yakaisha. Thoreau akaendelea na maisha, akaandika vitabu, akawa Thoreau.

Hapo ndipo nikaona kwamba mlango si wa kutokea tu. Anayechagua moto wake hupewa pia nafasi ya kukosea. Mkebe wangu ukipinduka mlimani, nimepoteza chai, labda nyusi. Spiriti ina tabia mbaya, mchana mwali wake hauonekani vizuri, na mtu akiongeza mafuta akidhani jiko limezima anaweza kuungua vibaya. Lakini nje, kwenye mawe, mara nyingi unapona na unajifunza. Stovu ya mafuta taa ikipinduka usiku kwenye ploti ya mabati, inaondoka na mstari mzima wa nyumba, na asubuhi watu wanaokota misumari kwenye majivu. Kosa ni lilelile la mkono mmoja. Bei yake si moja.

Kwa hiyo kucheza si tatizo. Tatizo ni tunachohitimisha baada ya kucheza. Mtu anarudi kutoka mlimani na busara hii: "Manze, kumbe binadamu hahitaji vitu vingi." Ikibaki kwake, ni busara. Ikigeuka kuwa ushauri kwa wengine, inaanza kunuka. Na ikipanda ngazi mpaka kwa wenye kupanga bei, inakuwa sera.

Nchi hii ina neno moja zuri sana na hatari sana: *kujipanga*. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa. Sababu iliyotolewa ilikuwa wafanyabiashara wanaochanganya mafuta taa na dizeli. Sawa, wachanganyaji wapo. Lakini mafuta taa ndiyo yaliyokuwa kwenye stovu na koroboi za watu wasio na gesi wala stima, na bei ikawapanda wao. Julai 2021, VAT ya asilimia 16 ikarudishwa kwenye gesi ya kupikia, ikaja kupunguzwa baadaye. Kati ya tarehe hizo na nyingine kama hizo, watu walifanya nini? Walijipanga. Waliosogea kwenye gesi walirudi kwenye makaa, waliokuwa kwenye mafuta taa wakaenda kwa seremala kuomba vumbi. Na sisi tukawasifu. Wakenya ni wabunifu. Wakenya hawakosi njia.

Sifa hiyo ni tamu, na ni ya kweli, na ndiyo maana inafaa kuogopwa. Kila mara tunaposifu mtu kwa kustahimili kitu ambacho hakupaswa kustahimili, tunampunguzia aliyemsababishia. Ubunifu wa maskini ni ruzuku ambayo maskini anailipa serikali.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimemkosea mathe wa jiko la vumbi kwa njia nyingine. Nitakuwa nimemgeuza mtu wa kuhurumiwa tu. Na yeye anajua kabisa kwamba jiko lake limeshindiliwa vizuri kuliko la jirani. Ana fahari. Kumnyang'anya fahari hiyo kwa jina la kumtetea ni wizi pia.

Kuna historia ya Nairobi inayonisaidia hapa. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa nishati mpya hapa mjini. Miaka ile wahandisi na mafundi wa jua kali walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand na kulibadilisha lifae mkaa wetu, sufuria zetu na ugali wetu unaosongwa kwa nguvu: bati lenye kiuno, na ndani yake bakuli la udongo wa kuchomwa. Bati peke yake humwaga joto pembeni, udongo hulishika. Mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji wakaligonga kwa maelfu, na leo mtu akisema "jiko" hapa, wengi wetu ndilo tunaloliona kichwani. Hakuna aliyewaambia mafundi wale kwamba jiko la zamani lilikuwa zuri kwa sababu ni la kienyeji. Hakuna aliyewaonea huruma pia. Ufundi wao ulichukuliwa kwa uzito kiasi cha kuulizwa swali gumu: joto linapotelea wapi? Jiko lile halikumaliza moshi. Lilipunguza makaa ambayo mtu alipaswa kununua, na hiyo ni heshima inayoonekana mfukoni.

Na kuna mwanamke mmoja wa Ohio, Emma Gatewood, ambaye watu wa kambi nyepesi humwita nyanya yao. Mwaka 1955, akiwa na miaka 67, alitembea peke yake njia ya Appalachia, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na mfuko aliojishonea, viatu vya raba, na pazia la bafuni mahali pa hema. Wanaomsifu hupenda kutaja pazia. Hawapendi sana kutaja kwamba alikuwa amelea watoto 11 shambani na kupigwa na mumewe kwa miaka mingi kabla ya kuachana naye. Kuishi na kidogo hakukusomea kwenye duka la vifaa. Alikuwa nako siku zote. Tofauti ni kwamba 1955 hakuna aliyemlazimisha. Ujuzi ulikuwa wa miaka ya mateso, na safari ilikuwa yake.

Hata lile jiko la kuni la mkebe ambalo watu wa kambi hupenda kulitengeneza, Wamarekani huliita la *hobo*, jina la watu waliozunguka nchi kwa treni za mizigo wakitafuta kibarua, wengi wao katika mdororo wa miaka ya 1930. Sehemu kubwa ya tunayoyaita maarifa ya kambi ni maarifa ya watu waliokosa. Tumeyarithi, na si vibaya kurithi. Ila mrithi mwenye adabu hutaja jina la aliyemwachia.

Kwa hiyo mimi sipimi tena moto kwa uzuri wake wala kwa moshi wake. Nauliza: anayeuwasha anaweza kuuzima akawasha mwingine? Kama anaweza, acha acheze, ajisifu, apige video. Kama hawezi, sifa peke yake haitoshi na huruma peke yake haitoshi. Ufundi wake usifiwe kama ufundi, kwa kuuliza aliufanyaje na joto linapotelea wapi. Hali yake isisifiwe hata kidogo. Na yeyote anayekuja na hotuba kwamba wananchi wetu wanajua kujipanga aulizwe amepandisha bei gani.

Wikendi ikifika, tengeneza mkebe wako. Washia nje ya hema, mbali na nyasi kavu, na usiongeze spiriti mpaka mkebe upoe. Ukirudi Jumapili ukamkuta jirani anapuliza makaa kwenye korido, usimwambie ni mbunifu. Anajua. Kama meko yako bado ina gesi, mwambie alete sufuria.